Mwalimu wa Makopo Matatu

Kama hukumjua Mwalimu, ulimjua siku alipokuuliza swali. Watu wengi wakikuuliza kitu huwa wameshajijibu. Yeye aliuliza, akaweka mikono juu ya magoti, akanyamaza. Alinyamaza mpaka ukaanza kusikia redio ya jirani. Kama hukuwa na jibu, uliona haya ukaenda kulitafuta. Mimi nilikuwa nauza maharagwe Soko la Toi, na mtu wa biashara hangoji hivyo, mteja atahamia kwa mwingine. Mara ya kwanza nilipomwona akimngoja mjukuu wangu, nilidhani amelala macho wazi.

Alikuwa mtu wa Ziwa. Hilo lilijulikana akifungua mdomo, na sisi Wakamba tulicheka Kiswahili chake, naye akacheka chetu, tukawa sawa. Mengine ya ukoo sikuyauliza. Sarang'ombe, mtaa wetu wa Kibera, ilikuwa na walimu wengi, wa shule na wa Sunday school na wale wa kujiita tu, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, hata walevi walijua ni yule wa viatu vya kiume na kitambaa cha manjano, anayekuja kwenye ukumbi wa kanisa na mfuko wa makopo. Viatu vya kiume alivaa kwa sababu, alisema, matope ya Kibera hayatambui mwanamke.

Makopo yalikuwa matatu, ya mafuta ya kupikia, yamebanduliwa karatasi yakabaki mabati matupu. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine yake. Alikuwa anasoma chuo kikuu, mtu mzima kama yule, na somo lake lilikuwa watoto kama wangu. Alitaka kujua wanajifunza namna gani, na wakishajifunza, kitu kinakaa wapi na kwa nini wakati mwingine hakitoki. Siku hizi redio inasema usonji. Wakati ule mimi sikuwa nimesikia jina hilo. Nilikuwa nimesikia majina mengine ambayo watu walimpa mjukuu wangu, na hayo siyarudii hapa.

Mjukuu wangu ni Mwende. Mama yake, binti yangu, aliolewa Athi River, na mume akasema yeye alioa mtu mmoja. Basi mtoto akabaki kwangu. Wakati Mwalimu anamwona alikuwa na miaka minane na hakuwa anasema neno. Alipenda kupanga viatu. Ukija kwangu ukavua viatu, utavikuta vimelala sambamba na vingine, visigino ukutani. Hilo halikunisumbua, nyumba yenye viatu vilivyopangwa si nyumba mbaya. Lililonisumbua ni kwamba alikuwa anatoka na harudi. Ukigeuka kukoroga sufuria, ameenda. Tulimpata Makina. Tulimpata sokoni chini ya meza ya mtu. Siku moja tulimpata kwenye reli, amechuchumaa anatazama vile vyuma vinavyokwenda vikikaribiana, na gari la moshi halikuwa mbali.

Jirani yangu Mama Otis alikuwa na ushauri. Yeye hakukosa ushauri. Aliniita Susu, yaani bibi kwa Kikamba, kama mtaa mzima ulivyoniita.

"Susu, nyinyi Wakamba mna dawa. Si umpeleke kwenu wamtoe hiyo kitu?"

"Mama Otis, kama tungekuwa na dawa ningekunywesha wewe kwanza uache kuongea."

Alicheka, lakini mtaa mzima ulikuwa unafikiria alivyofikiria. Na baada ya siku ya reli, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Kitui. Si mtu mbaya. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Hapa mtoto atakufa. Kule kwangu kuna chumba, na boma lina lango, na lango lina kufuli. Nitakuja Krismasi. Kama bado anapotea, ninaenda naye." Nilijua hicho chumba. Kilikuwa cha mbegu, na dirisha lake ni dogo, hata kuku hapiti. Lakini kati ya chumba cha mbegu na reli, wewe ungechagua nini?

Hapo ndipo nilimpeleka Mwende kwa Mwalimu. Sikwenda kwa imani, nilikwenda kwa sababu ilikuwa bure.

Nilimuuliza pale pale mlangoni mwa ukumbi. "Nimesikia unasomea watoto hawa. Unataka kumtumia mjukuu wangu upate cheti?"

"Ndiyo," akasema. "Cheti nakitaka sana. Na nataka kujua anavyofikiri. Nikijua kitu, nitakuambia wewe kabla ya kuwaambia wao."

"Na usipojua?"

"Nitakuambia hivyo pia."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, sasa ugomvi hauna mahali pa kukaa. Nikamwambia, "Mimi nataka kitu kimoja. Nataka ajue kurudi nyumbani." Nikamweleza habari ya kaka yangu na chumba na Krismasi. Hakunipa pole. Aliuliza, "Anapenda nini?" Halafu akaweka mikono juu ya magoti.

Nilisema viatu.

Sasa nieleze kazi yake, maana watu walidhani ni mchezo wa karata wa kule stendi, wa kunyang'anya watu. Mwalimu alipanga makopo juu ya meza, midomo chini. Aligonga kopo la kwanza kwa ukucha, mara mbili, ngo-ngo, hiyo ilikuwa salamu yake kwa kila mtoto, wala hakumlazimisha mtu kumtazama usoni. Kisha alifungua kiganja, ndani mna kifungo cha shati. Aliweka kifungo chini ya kopo moja mtoto akiona. Akaziba makopo kwa leso. Akaondoa leso. Akangoja. Baadaye alianza kuyasogeza, na baadaye alificha leo akauliza wiki ijayo.

Mwende alikuwa hodari. Wiki ijayo aliinua kopo lilelile huku mimi nimeshasahau hata kama kulikuwa na kifungo. Nilifurahi, nikaanza kujivuna kidogo kwa wamama wengine. Kisha siku moja Mwalimu alihamisha meza. Hakubadilisha kingine chochote, aliitoa ukutani akaiweka dirishani. Makopo yaleyale, kifungo kilekile. Mwende akatazama kama mtu aliyeletwa jana. Hakugusa.

"Amesahau," nikasema.

"Hajasahau, Susu. Nimemuuliza swali lingine."

"Swali gani lingine? Kopo ni kopo."

"Kwako wewe. Kwake kulikuwa na kopo na ukuta na ile alama ya moshi ukutani na benchi lenye mguu mbovu. Vyote pamoja ndiyo kopo. Mimi nimemnyang'anya nusu, halafu namuuliza kiko wapi."

Niliona ni maneno ya chuo. Sikuyatia akilini mpaka yaliponiumiza.

Alikuwa na ukali wake. Watoto hakuwahi kuwafokea, hata yule aliyemmwagia uji, lakini watu wazima walimwogopa. Mama mmoja wa maombi aliingia ukumbini akaanza kuwashika watoto vichwa mmoja mmoja. Mwalimu alimwambia, "Omba, mama, omba sana, lakini vichwa waachie. Mungu anasikia hata ukiwa pale mlangoni." Yule mama akaombea mlangoni, kwa sauti ya kununa. Na mtoto akikosea, Mwalimu alicheka. Hicho ndicho kilichonichukua muda kukizoea. Mtoto akiinua kopo tupu, yeye anacheka, kicheko kifupi cha furaha, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. Kisha ananyamaza, mikono magotini, anangoja mtoto ajaribu tena. Nilimkemea.

"Unamcheka mtoto wa watu?"

"Simcheki. Akipatia, najua tu kwamba amepatia. Akikosea ananionyesha alipopita."

Na huyohuyo aliyesoma kumbukumbu za watu, yake mwenyewe ilikuwa kama kapu bovu. Alijua kila mtoto wiki iliyopita aliinua kopo gani na kwa mkono gani. Lakini mwavuli wake ulizunguka Kibera kuliko diwani. Funguo za ukumbi alienda nazo kwake Kawangware, tukabaki nje na watoto mpaka mzee wa kanisa akapanda dirishani. Alisahau kula. Nikiwa na githeri, mahindi na maharagwe, nilimwekea kwenye bakuli nikasimama pale mpaka amalize, maana ukimwachia, utalikuta jioni limeganda.

Alikuwa pia na kikombe. Kikombe cha bati, ukingo wa kijani, kimepasuka rangi. Siku moja hakikuonekana nikampa chai kwenye glasi. Aliishika ile glasi, akaizungusha, akaiweka chini, akaishika tena. Chai ikapoa.

"Kumbe hata wewe?" nikamuuliza.

Alinitazama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Susu, mimi ndiye mkubwa wao."

Kitu kimoja tu kilimuuma, na aliona nimeona. Alikuja ukumbini bila kitambaa cha manjano, kwa sababu alikuwa amesukwa na dada yake na nywele zilikuwa nzuri. Sisi wote tulimsifu. Mwende alisimama mbele yake kama mbele ya mti. Mwalimu akagonga kopo, ngo-ngo. Hakuna. Akafungua kiganja. Hakuna. Mtoto akaenda akakaa pembeni akitazama mlango, anamngoja Mwalimu aje.

"Leo mimi si mtu," Mwalimu akasema, akacheka. Lakini kicheko kilikuwa kifupi kuliko kawaida. Mtoto amekaa na wewe miezi, na ukitoa kitambaa hakujui. Wiki iliyofuata alikivaa juu ya zile nywele nzuri, na dada yake alikasirika.

Nirudi kwenye habari ya nyumbani, maana ndiyo iliyonipeleka.

Ploti yetu ilikuwa na nyumba za udongo na mabati, safu ndefu, kila nyumba na mlango wa mbao, na mlango wangu ulikuwa wa buluu. Mpangaji wa zamani alikuwa fundi wa rangi na aliupaka kwa rangi ya kubakia. Safu nzima hakukuwa na mwingine. Mwalimu akasema hiyo ni bahati. Tukaanza. Tulimsimamisha Mwende mbele ya mlango, akaugusa, akaingia, akavua viatu, akavipanga. Tena. Kisha tukaanzia hatua chache mbali, kisha kwenye bomba la maji, kisha kwa muuza makaa, kila siku mbali kidogo, mpaka tukafika ukumbini. Mimi na Mwalimu tulitembea nyuma bila kusema neno. Siku aliyotoka ukumbini mwenyewe, akapita makaa, akapita bomba, akagusa mlango wa buluu na kuingia, nilikaa chini kwenye matope. Mimi si mtu wa kulia. Mama Otis alilia kwa niaba yangu.

Wiki kadhaa ilikuwa hivyo. Nikatuma ujumbe Kitui na mtu wa basi: asihangaike, mtoto anajua kwao.

Mnawajua wenye ploti. Mti wa mlango ni ghali, kwa hiyo mlango haukai na nyumba, unakaa na mwenye ploti. Wetu alijenga safu mpya upande wa chini na akataka iwe na sura ya kuvutia wapangaji. Alikuja na fundi, wakang'oa milango ya mbao kwenye safu yetu ya zamani, wakaipeleka chini, na sisi tukawekewa ya mabati. Tulinung'unika, tukazoea. Mtu mzima hahesabu hilo kuwa jambo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu mmoja kwenye safu yetu anayepaswa kuambiwa.

Siku hiyo nilitoka Toi nikakuta nyumba tupu. Kwenye ukumbi wakasema ametoka zamani. Muuza makaa akasema amepita. Kwenye bomba wakasema amepita. Baada ya bomba hakuna aliyemwona. Nilikimbia kwenye reli na miguu hii yangu, nikiita jina ambalo hakuwahi kuliitikia. Mwalimu alikimbia upande wa mto na viatu vyake vya kiume.

Aliyempata ni soja mmoja, mlinzi wa usiku, mpangaji mpya wa ile safu ya chini. Alikuwa amelala, kwa sababu mchana ndio usiku wake. Alinieleza hivi, huku amefunga shuka kiunoni na watu wamejaa mlangoni:

"Mathe, nimefungua macho naona msichana amekaa chini anapanga viatu vyangu. Nikasema mimi nimekufa, huyu ni malaika. Halafu nikasema hapana, malaika hawezi shika hivi viatu vyangu, vile vinanuka."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mwende alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mtu asiyemjua, ametulia, na mlango nyuma yake ulikuwa wa buluu.

Mwalimu alifika akihema. Akatazama mlango. Akamtazama Mwende, viatu vya soja vimelala sambamba na vyake, visigino ukutani. Akapiga makofi.

Nilitaka kumpiga.

"Unafurahia nini?" nikamwambia mbele ya watu wote. "Kama mtu huyu angekuwa mtu mwingine? Basi. Nimechoka na makopo yako. Nampeleka Kitui."

"Susu, tazama. Hakupotea."

"Yuko kwa nyumba ya mwanamume!"

"Hakupotea. Tulimfundisha mlango. Mimi nilimfundisha mlango. Mlango umehama, naye ameufuata mpaka huku, ameutafuta kwenye safu ambayo hajawahi kukanyaga, ameupata. Wewe ungeweza? Aliyeshindwa mtihani ni mimi. Mimi nilikwenda kuandika chuoni kwamba anajua nyumbani. Hajui nyumbani. Hatujamfundisha bado."

"Na Krismasi inakuja."

"Inakuja," akasema. Akaweka mikono magotini, amekaa kwenye kizingiti cha soja, akaningoja mimi.

Watu walikuwa wanatazama. Soja naye alikuwa amesimama na shuka lake. Nikafikiria kile chumba cha mbegu. Nikafikiria pia mtoto aliyepita safu nzima akiangalia mlango mmoja baada ya mwingine, hakulia, hakukata tamaa. Nikasema, "Kesho saa ngapi?"

Kuanzia hapo nyumba yangu haikupata amani. Mwalimu alisema kila siku tubadilishe kitu kimoja, kimoja tu, ili Mwende ajue kinachobaki. Leo leso imetundikwa mlangoni. Kesho leso imetoka, kuna benchi. Keshokutwa benchi liko, lakini anayefungua ni Mama Otis. Siku nyingine tunakuja kwa njia ya juu. Mama Otis alifurahia kazi hii kuliko wote, mara amefunga kilemba, mara amevaa koti la mumewe, na nadhani alikuwa amengoja maisha yake yote mtu amwombe awe kichekesho. Mwende siku za kwanza alisimama njiani akajiziba masikio. Alikaa chini. Siku mbili alikwenda kwa soja, na soja, Mungu ambariki, alimrudisha bila maneno, nusu amelala. Mimi nilitaka kumwita, kumvuta mkono. Mwalimu alinishika kanga kwa nyuma.

"Ngoja."

"Nimengoja!"

"Umengoja kama mtu wa dukani. Ngoja tena."

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo wakati Mwalimu alipata kazi ya kufundisha kwao, magharibi, na chuo kilikuwa kimemaliza naye. Ilikuwa Novemba. Alikuja kuaga na mfuko wa makopo. Alinipa yale makopo, akanywa chai kwenye kikombe chake cha kijani, akaniachia na kikombe. Sikuwa na la kumpa ila maharagwe. Pale mlangoni nilimwambia, "Na kama haitashika?" Alisema, "Sijui kama itashika, Susu. Nilikuahidi nitakuambia nisipojua." Akaondoka. Mwavuli aliusahau.

Kaka yangu alikuja wiki ya Krismasi na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Ujumbe wangu wa kwanza aliupata, na habari za soja alizipata pia, maana habari kama hizo hazihitaji mtu wa basi. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu, mtu mkubwa mwenye kofia, viatu amevivua kwa ajili ya joto. Juu ya mlango mimi nilikuwa nimeanika blanketi la wageni, kwa hiyo bati lenyewe halikuonekana. Sikupanga hivyo. Nilikuwa nafua.

Mwende akatokea kwenye bomba, anatoka ukumbini ambako wamama wa kanisa walikuwa wamebaki na watoto. Akaja mpaka karibu. Akasimama. Aliona blanketi mahali pa mlango, aliona mwanamume asiyemkumbuka ameziba njia. Mikono ikapanda masikioni.

Kaka yangu akafungua mdomo. Nikamshika koti.

"Ngoja," nikasema.

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu."

Mama Otis alitoka na sufuria yake akasimama kama mlingoti. Mwende alitazama blanketi. Alitazama ukuta. Alitazama beseni langu, na mimi, na kigoda. Mikono ikashuka. Akampita kaka yangu kwa ubavu, akainua pembe ya blanketi, akaingia. Kisha akatoka tena. Akachukua viatu vya kaka yangu, akaingia navyo.

Tulivikuta ukutani, katikati ya vyake na vyangu. Kaka yangu alivitazama kwa muda mrefu. Alikunywa chai, akasema Kitui hakuna mvua, akasema mambo ya mbuzi. Kesho yake alirudi na begi lake likiwa tupu kama alivyokuja nalo, isipokuwa maharagwe niliyomfungia.

Nilitaka Mwalimu ajue. Sikujua pa kumpata. Mimi si mtu wa barua, na yule aliyempa kazi sikumjua.

Baadaye mwenye ploti alibomoa safu yetu ya zamani, tukahamia Kawangware, na Mwende akajifunza mlango mpya kwa siku chache. Niliacha Toi nikafungua meza hapa stendi ya 56, karibu na wauza mbao. Mwende alikua akawa msichana mrefu. Maneno anayo machache na anayatumia kwa uchache wake. Yeye ndiye anayechagua maharagwe, na kwenye meza yangu hutapata jiwe. Ninapimia kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na kwa makopo madogo mawili, na ndiyo yaleyale ya Mwalimu, maana kopo zuri halitupwi. La tatu anawekea mawe na vifungo anavyookota.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya tisini, siku ya soko, watu wamejaa. Mwanamke mmoja akainama kwenye meza yangu akashika maharagwe yale tunayoyaita nyayo. Amekonda. Nywele amezikata karibu na kichwa, nyeupe. Miwani. Nguo nyeusi, na viatu vya kawaida vya kike. Akauliza bei bila kunitazama, na mimi nikajibu bila kumtazama, kama tunavyofanya. Ni sauti iliyonifanya niinue kichwa. Lile "maharagwe" la watu wa Ziwa. Hata hivyo sikuwa na hakika. Nikasema moyoni, ngoja aongee tena.

Mwende alikuwa ameshasimama. Alimwaga maharagwe niliyokuwa nimepima, yote, juu ya gunia. Alichukua kopo, akalipindua mdomo chini. Akachukua la pili. Akainama chini ya meza, akatoa la tatu, mawe yake yakamwagika. Akayapanga. Kisha akagonga lile la kwanza kwa ukucha, mara mbili, ngo-ngo, na akafungua kiganja.

Ndani mna kifungo.

Yule mwanamke alishika ukingo wa meza. Hakuwa na kitambaa cha manjano. Hakuwa na chochote cha zamani, hata mimi niliyempikia githeri nilikuwa bado natafuta sura yake. Akaangalia makopo, akaangalia ule mkono, akauinua uso wake taratibu mpaka kwa msichana.

"Susu," akasema. "Krismasi ile..."

"Kaka yangu alirudi peke yake," nikasema.

Kijana mmoja nyuma yake alikuwa na haraka. "Mathe, si mnihudumie? Tunangoja nini hapa?"

"Ngoja," nikamwambia.

Mwende aliweka kifungo chini ya kopo la katikati. Akayasogeza, polepole kwanza, kisha haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona Mwalimu akiyasogeza. Akaacha. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa nguo, akaivaa, ikawa haisaidii, maana maji hayakuwa kwenye kioo. Akanyoosha mkono. Akainua kopo la kushoto.

Hakukuwa na kitu.

Mwende akacheka. Kicheko kifupi, cha furaha. Kisha akanyamaza, akaketi kwenye kigoda, akaweka mikono juu ya magoti, akamngoja.